Kuswapu injini: ikae wapi, na uzito uangukie matairi gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wenye magari na mafundi wa hapa Dodoma, kuanzia Kizota na Majengo hadi wanaopiga simu kutoka Kondoa, Mpwapwa na Singida. Kuswapu ni kung'oa injini ya gari na kuweka ya aina nyingine, na mengi huanza na "injini gani inaingia kwenye gari langu?" Hilo kila fundi ana jibu lake. Hapa tunajibu lile ambalo watu hulikumbuka gari likiwa tayari barabarani: injini hiyo ikae wapi, na kilo zake ziende wapi.

## Mambo ya msingi

1. Mgawanyo wa uzito ni nini hasa?

Ni jinsi uzito wa gari lote unavyogawanyika kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, na kati ya kushoto na kulia. Gari la kilo 1,400 lenye kilo 770 mbele na 630 nyuma ni la 55 kwa 45. Anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda analijua hili bila kalamu: madumu yakijaa mbele, punda anaelemewa, yakijaa nyuma, mti unanyanyuka na punda hana pa kukazia.

Kwenye gari, mbele pakizidi usukani unakuwa mzito, tairi za mbele zinaliwa haraka, na kwenye kona gari linataka kwenda moja kwa moja wakati wewe umeshakata. Nyuma pakizidi, mkia ndio unaotaka kutangulia.

Usisahau kimo. Ukikanyaga breki, sehemu ya uzito inahamia mbele, na kadiri uzito ulivyokaa juu ndivyo kinachohama kinavyoongezeka. Gari hilohilo la kilo 1,400, kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 55 juu ya ardhi na ekseli zikiachana mita 2.73, likifungwa breki kali linahamisha takriban kilo 170 kwenda mbele. Injini iliyokaa juu inaongeza kiasi hicho kila unapofunga breki.

2. Injini ikishaingia na boneti likafunga, si inatosha?

Hapana. Boneti kufunga kunakuambia injini imepata chumba. Hakukuambii kama springi za mbele zinaimudu, kama breki bado zinagawanyika sawa, wala kama propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, kwenye ekseli ya nyuma) itadumu mwezi. Magari mengi yanayoletwa kwa malalamiko ya "tangu niswapu, gari limebadilika" yana injini nzima kabisa. Kibaya ni mahali ilipokalia.

3. Lazima nifikie nusu kwa nusu?

Si lazima, na kwa gari la kwenda Kibaigwa na kurudi usihangaike nalo. BMW wamejitangazia sana ule mgawanyo wa nusu kwa nusu, lakini Porsche 911 ina injini nyuma ya ekseli ya nyuma na bado ni gari la mashindano, na magari ya kuvutwa na matairi ya mbele mengi yana asilimia 60 au zaidi mbele na yanafika kila siku. Kila moja lilipangiwa springi, breki na tairi kwa mgawanyo wake tangu kiwandani. Lengo lako liwe kurudi karibu na namba ya kiwandani ya gari lako. Ikizidi kwa asilimia moja au mbili, utarekebisha kwa springi. Ikizidi kwa tano, hilo limeshakuwa gari jingine.

4. Gari langu linavutwa na matairi ya mbele: IST, Vitz, Spacio. Haya yananihusu?

Kwa sehemu. Injini imelala kwa upana wa gari na giaboksi imeungana nayo, kwa hiyo mahali pake pameamuliwa na shafti za matairi. Ukiisogeza, pembe za shafti zinaharibika na jointi zinaanza kugonga ukikata kona. Kinachobaki mikononi mwako ni uzito wa injini unayochagua. IST ya kwanza ilitoka kiwandani na injini ya 2NZ ya lita 1.3 au 1NZ ya lita 1.5; kuhama kutoka moja kwenda nyingine hakubadilishi kitu cha maana. Kutafuta injini kubwa zaidi ya hizo kwa gari hilo ni kuongeza kilo palepale palipokwisha kuelemewa. Mimi simshauri mtu.

## Kupima

5. Nitapimaje uzito wa mbele na wa nyuma?

Njia rahisi ni mizani ya magari, kama zile zinazopima malori kwenye maghala ya nafaka. Omba nafasi wakati hakuna foleni. Panda na matairi ya mbele tu, soma; panda gari zima, soma; shuka na mbele ukiacha nyuma, soma. Mbele na nyuma zikijumlishwa zikaribiane na uzito wa gari zima. Mizani hizi husoma kwa hatua za kilo 10 au 20, kwa hiyo usiumize kichwa kwa tofauti ndogo.

Pima mara mbili: kabla ya kung'oa injini ya zamani na baada ya kumaliza, tanki la mafuta likiwa na kiwango kilekile na spea tairi ipo mahali pake. Asiyepima kabla hana cha kulinganisha nacho baadaye, na hapo ndipo mabishano ya mwenye gari na fundi yanapoanzia.

6. Mizani za malori ziko mbali. Kuna njia ya gereji?

Ipo, kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu na ubao mgumu. Laza ubao wa mninga au pande la chuma la mita 1.2. Ncha moja iegemee kipande cha nondo juu ya tofali, ncha nyingine iegemee nondo nyingine juu ya mizani. Tairi likae sentimita 30 kutoka ile ncha ya tofali. Hapo mizani inabeba robo tu ya uzito wa tairi: ikisoma 88, tairi lina kilo 352. Toa kwanza kile mizani ilichosoma kabla ya gari kupanda, maana ubao nao una uzito.

Matairi mengine matatu yainuliwe kwa mbao za kimo kilekile, la sivyo unapima gari lililoinama. Tingisha gari kidogo ili springi zitulie, kisha soma. Rudia kwa kila tairi. Inachukua asubuhi nzima, lakini inakupa kitu ambacho mizani ya malori haikupi: kushoto na kulia.

7. Nikirudisha injini sentimita kumi nyuma, napata nini?

Pungufu ya unavyodhani. Zidisha uzito wa kitu kwa umbali uliokisogeza, gawa kwa umbali kati ya ekseli mbili. Mark II ya GX100 ina mita 2.73. Injini na giaboksi vikiwa kilo 300, ukavirudisha sentimita 10: 300 × 0.10 ÷ 2.73 ni kilo 11. Kilo kumi na moja zimetoka mbele zikaenda nyuma, na kwa ajili yake pengine umekata bati na kufupisha propela.

Sasa chukua betri ya kilo 18 iliyokaa sentimita 30 mbele ya ekseli ya mbele, ipeleke kwenye buti, sentimita 50 nyuma ya ekseli ya nyuma. Imesafiri mita 3.53. Piga hesabu ileile: kilo 23. Betri imefanya kazi mara mbili ya injini, gharama yake ni waya mnene, fyuzi karibu kabisa na betri, boksi lililofungwa kwa bolti na njia ya hewa ya kutoa gesi nje. Usiache hata kimoja kati ya hivyo.

Hesabu hii inaeleza pia kwa nini kitu kinachoning'inia mbele ya ekseli kinauma zaidi ya uzito wake. Ongeza kilo 60 sentimita 30 mbele ya ekseli: ekseli ya mbele inapokea takriban kilo 67, na ya nyuma inapunguziwa karibu 7.

8. Kitovu cha uzito cha injini yenyewe nakipata wapi?

Ining'inize. Injini na giaboksi vikiwa vimeungana, vinyanyue kwa cheni bloki moja kutoka ndoano moja. Rekebisha mnyororo mpaka vilale kama vitakavyolala garini. Teremsha uzi wenye nati kutoka kwenye ndoano. Kitovu kiko kwenye mstari huo. Chora alama ya chaki kwenye bloki. Alama hiyo ndiyo unayoipimia umbali hadi ekseli ya mbele, si pulei wala feni. Kwa injini ndefu ya silinda sita iliyoungana na giaboksi, alama huangukia nyuma kuliko jicho linavyotarajia.

## Kuiweka injini

9. Nianze na kipi: irudi nyuma, ishuke chini, au ikae katikati?

Nianzavyo mimi: propela kwanza (swali la 11), kisha sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini (swali la 10), halafu nyuma kadiri ukuta wa dashibodi unavyoruhusu bila kukatwa, na mwisho chini kadiri barabara zetu zinavyoruhusu. Kushoto na kulia hufuata vyenyewe, kwa sababu mstari wa propela na shafti ya usukani vimeshaamua.

Usishtuke ukikuta injini ya kiwandani haikuwa katikati kamili. Magari mengi yana injini iliyosogezwa kidogo upande mmoja kwa ajili ya usukani na ekzosi. Sisi dereva anakaa kulia, na mara nyingi anaendesha peke yake, kwa hiyo ukiwa na uhuru wa kuchagua upande wa betri, weka kushoto.

10. Sampu inagusa krosimemba. Nikate krosimemba?

Usikate. Krosimemba ni ule mhimili wa chuma unaokatiza chini ya injini; inashika mikono ya chini ya sasapenshi, na ikilegea hakuna alaimenti itakayokaa. Kuna njia tatu, na huu ndio mpangilio wangu: tafuta sampu ya toleo jingine la injini hiyohiyo (injini za Toyota za ukoo wa JZ zilitoka na sampu zenye bakuli mbele na nyingine nyuma, kutegemea gari), ukikosa, sampu ikatwe na kuchomelewa upya na fundi anayejua, pamoja na bomba la kunyonyea oili, kisha ijazwe mafuta ya taa usiku kucha kuangalia uvujaji, la mwisho kabisa ni kuinua injini, kwa sababu hapo unapandisha uzito (swali la 1) na boneti halitafunga (swali la 12).

Sampu isiwe chini kuliko krosimemba. Ukipita matuta ya mitaani au barabara ya vumbi ya Bahi, jiwe linalopita chini ya krosimemba lipite pia chini ya sampu. Hata hivyo weka sampu gadi.

11. Propela inatetemeka tangu niswapu. Ni balansi?

Labda, ila pima pembe kwanza. Mhimili wa giaboksi na mhimili wa difu vinapaswa kuwa sambamba, na tofauti isizidi digrii moja. Kila jointi ya msalaba ifanye kazi kwenye pembe ya kama digrii 1 hadi 3. Sifuri nayo ni mbaya: misumari midogo ndani ya msalaba haizunguki, inachimba mahali pamoja. Simu yenye programu ya kupima mlalo inatosha: ilaze kwenye uso uliochongwa wa giaboksi, kisha kwenye propela, kisha kwenye difu, gari likiwa limesimama kwa matairi yake na si kwa jeki.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Fundi ameishusha injini mbele ipite chini ya boneti, mkia wa giaboksi ukanyanyuka, na pembe zote zikaharibika. Gari linatetemeka kuanzia kilomita 70 kwa saa, na mwenye gari ananunua balansi ya tairi mara tatu.

12. Nitajuaje boneti litafunga bila kugonga injini?

Kanda udongo wa mfinyanzi, au unga wa ngano kama hutaki kuchafua, tengeneza madonge ya sentimita tano na uyaweke juu ya sehemu zote ndefu za injini. Tandaza nailoni juu yake. Shusha boneti taratibu mpaka lijifunge, fungua, pima madonge yalivyobaki. Pakibaki sentimita mbili na nusu, uko salama. Pakibaki moja, kumbuka injini inaruka kwenye raba zake ukikanyaga mafuta kwa nguvu, na itaacha alama yake.

Kutoboa boneti na kuweka kibuyu cha hewa ni sawa kwa kimo kidogo. Kisizuie macho ya dereva.

13. Nikate ukuta wa kati ya injini na dashibodi?

Kwa gari la barabarani, hapana. Rudi kwenye hesabu ya swali la 7 uone unachonunua: kilo chache. Unacholipa ni ukuta unaoshika nguzo za milango, joto na moshi kuingia ndani, na silinda ya mwisho ambayo plagi yake haitolewi bila kushusha giaboksi. Kugonga kidogo kwa nyundo ukingo wa bati unaozuia bomba, hilo halina tatizo.

14. Rejeta nitaiweka wapi? Joto la Oktoba hapa si la mchezo.

Iwe kubwa na ibaki nyuma ya fremu ya mbele ya gari. Wengi wanaoweka injini ndefu husogeza rejeta mbele, mpaka iegemee bampa. Rejeta yenye maji lita kadhaa ni kilo kadhaa zinazoning'inia mbele kabisa ya ekseli, na jiwe la kwanza linaifikia. Afadhali feni ya injini iondolewe na iwekwe feni nyembamba ya umeme yenye kola inayofunika rejeta nzima; unapata sentimita kadhaa bila kusogeza chochote.

Jaribio letu la joto ni mlima Nyang'oro ukielekea Iringa, gari likiwa na abiria, saa nane mchana. Geji ikitulia pale, imetulia.

## Magari yanayoulizwa sana hapa

15. Mark II GX100 yenye 1G: niweke 1JZ au 2JZ?

Hii ndiyo swapu rahisi kuliko zote, kwa sababu Toyota wenyewe waliifanya. Bodi hiyohiyo ilitoka na 1G ya lita 2.0 (GX100), 1JZ ya 2.5 (JZX100) na 2JZ ya 3.0 (JZX101). Kwa hiyo usibuni mauntingi (vishikizo vya injini). Nunua za JZX100 pamoja na springi za mbele za gari hilo, na kama unapata nusu gari, chukua na breki. Injini itakaa pale wahandisi walipoipangia na mgawanyo utakuwa wao.

Watu hukosea kwenye springi: wananunua injini, wanaacha springi za 1G, kisha wanalalamika pua imeshuka. Kama injini ni yenye turbo, ongeza na uzito wa intakula (kipoza hewa ya turbo) inayokaa mbele ya kila kitu.

Kwa nini wengi wanataka injini kubwa? Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake hapa ikilinganishwa na Dar. Aliyenunua gari Dar akalileta huku anahisi kitu kimepungua, na hakosei.

16. V8 si ni nzito kuliko silinda sita?

Si lazima. 1UZ ya Toyota, V8 ya lita 4.0, ina bloki na vichwa vya alumini. 2JZ ina bloki ya chuma cha kusubu. Isitoshe V8 ni fupi, kwa hiyo uzito wake unakaa nyuma zaidi, karibu na ukuta. Tatizo lake ni upana: ekzosi ya upande wa kulia inagombania nafasi na shafti ya usukani, na ukilifunga hilo vibaya, joto litaua raba ya jointi ya usukani. Ukisikia mtu anasema "V8 itaangusha pua" muulize ni V8 ipi na imechukua nafasi ya injini ipi.

17. Land Rover 109 au 110, niweke 1HZ?

Inafanyika sana na inadumu, lakini pima moyo wako kwanza. 1HZ ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, ndefu na nzito. Land Rover hizo nyingi zilitoka na injini ya silinda nne. Urefu unaozidi lazima uende mahali: ama mbele kwenye rejeta (swali la 14), ama nyuma kwenye ukuta (swali la 13). Land Rover ina chesisi yake imara, ukuta wake umefungwa kwa bolti, kwa hiyo hapa ndipo pekee ninapokubali kurekebisha ukuta.

Springi za mbele ni lazima zibadilishwe: 109 ina majani, ongeza jani au weka seti ya dizeli, 110 ina springi za kuviringwa, nunua za mzigo mzito. Hakikisha pia giaboksi ya kugawa nguvu inatoa propela ya mbele upande uleule ilipo difu ya mbele. Nimeona Land Rover iliyokamilika kila kitu, propela ya mbele ikiwa upande wa pili. Mwenye nayo aliitoa propela na akaendesha kwa matairi ya nyuma tu, jambo ambalo kwenye mchanga wa Chemba halikumsaidia.

Kama hubebi mizigo mikubwa, dizeli ya silinda nne kama Isuzu 4JB1 ya lita 2.8 inakaa bila kelele hizi zote.

18. Hiace na Noah je?

Hiace ya zamani: injini iko chini ya viti vya mbele. Injini za 2L, 3L na 5L ni ukoo mmoja, kubadilishana hakuhitaji hesabu. 1KZ yenye turbo nayo ilitoka kiwandani kwenye bodi hiyo, kwa hiyo fuata mauntingi za kiwandani.

Noah ya SR40 ina injini iliyolazwa chini ya viti, nyuma ya ekseli ya mbele, na mgawanyo wake ni mzuri kuliko gari nyingi za kifahari. Usiuharibu.

19. Subaru ina injini yote mbele ya ekseli. Mbona inashika barabara?

Kwa sababu silinda zimelala kushoto na kulia, injini ni fupi na iko chini sana. Ukiitoa hiyo ukaweka injini ya silinda nne zilizosimama, umepoteza ufupi na kimo kwa pamoja. Badilisha EJ, injini ya Subaru yenyewe, kwa EJ.

## Baada ya injini kukaa

20. Pua imeshuka. Niweke raba kwenye springi?

Zile raba za kupachika kati ya mizunguko ya springi zinanyanyua gari, lakini zinafunga mizunguko miwili isifanye kazi na mzigo wote unaenda kwa iliyobaki. Springi inakatika pale raba inapoishia. Kwa kulifikisha gari gereji, sawa. Kwa kudumu, nunua springi zenye nguvu zaidi na shokapu zinazolingana nazo, maana shokapu dhaifu kwenye springi ngumu linaacha pua ikicheza kila tuta.

Pima kimo kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa mudigadi, si kutoka ardhini. Upepo wa tairi hautakudanganya.

21. Breki zinahitaji kuguswa?

Ukiongeza nguvu au uzito, ndiyo. Mbele palipoongezeka panahitaji diski na kalipa za toleo lenye injini hiyo. Kwa nyuma, angalia kama gari lina valvu inayosoma mzigo, ile yenye mkono ulioungwa kwenye ekseli. Hilux na Hiace nyingi zinayo. Mkia ukinyanyuka kwa sababu pua imeshuka, valvu hiyo inaamini gari halina mzigo na inapunguza breki za nyuma. Rekebisha mkono wake gari likiwa kwenye kimo chake cha mwisho.

Ukihama kutoka petroli kwenda dizeli, kumbuka pia dizeli hainyonyi hewa ya kutosha kwa busta ya breki. Inahitaji pampu yake, na mara nyingi iko nyuma ya altaneta. Usinunue injini isiyo nayo.

22. Alaimenti na upepo?

Alaimenti baada ya springi kukaa wiki moja, sio siku ileile. Upepo wa mbele ongeza kidogo kulingana na uzito ulioupima, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

23. Nikiweka mfuko wa mchanga kwenye buti?

Utanyanyua pua na utaongeza uzito wa gari zima, breki zitafanya kazi zaidi, na siku ya ajali mfuko unakuja mbele. Hamisha betri.

## Kesi za pembeni

24. Gari ni pikapu, linabeba kreti za zabibu kutoka Hombolo. Mgawanyo nipime tupu au na mzigo?

Vyote viwili, kwa mizani ya swali la 5. Pikapu tupu yenye dizeli nzito mbele ndiyo inayoteleza mkia kwenye mvua, kwa sababu nyuma hapana kitu. Ikibeba inatulia. Usiongeze majani ya springi za nyuma kwa ajili ya mzigo halafu ukasahau kwamba siku tano kwa wiki linatembea tupu.

25. Nina mtungi wa gesi asilia kwenye buti. Unanisaidia kusawazisha injini nzito?

Kwa namba, ndiyo. Mtungi wa chuma ni kilo nyingi nyuma ya ekseli. Ila fremu yake isiguswe wala kusogezwa ili kutafuta mizani. Ilifungwa ili istahimili ajali, na hiyo ndiyo kazi yake pekee.

26. Nimeswapu. Karatasi je?

Kadi ya gari ina namba ya injini. Injini ikibadilika, taarifa ipelekwe TRA ili kadi ilingane na gari, na gari likaguliwe. Tunza risiti na nyaraka za kuingizia injini. Injini isiyo na karatasi iache kwa muuzaji hata kama ni ya bei ya kutupa. Mjulishe na wa bima, hasa kama una bima kubwa, maana gari uliloliandikisha lina injini nyingine.

Jambo moja la gereji: kwenye injini nyingi namba hugongwa ubavuni mwa bloki. Kabla ya kuishusha, hakikisha ubavu huo hautaegemea ukuta wala kufunikwa na manifoldi. Mkaguzi atataka kuisoma kwa macho yake, na nimeona injini iking'olewa upya kwa ajili ya hilo tu.